Dhamana ya serikali na nyumba ya Mmarekani, 1944–1968

Neema ya Marekani baada ya Vita Kuu ya Pili huelezwa mara nyingi kwa kutaja viwanda: vita vikaisha, viwanda vya vifaru vikarudi kuunda magari, watu wakanunua. Maelezo hayo hayatoshi. Viwanda vilikuwepo mwaka 1933 pia, na mwaka huo mfanyakazi mmoja kati ya wanne hakuwa na kazi. Ili familia ya fundi wa kiwandani inunue nyumba, jokofu na gari katika miaka ileile, lazima kuwe na njia ya kulipia vitu hivyo kidogo kidogo kwa muda mrefu, na lazima apatikane wa kubeba hasara siku mlipaji akishindwa. Mzigo huo ulibebwa na serikali ya Washington, kupitia mkopo wa nyumba. Ukiufuata mkopo huo tangu dirisha la benki hadi mlangoni pa nyumba, unaona jinsi tabaka la kati lilivyojengwa, na unaona pia kwa nini Wamarekani weusi wengi hawakuingizwa humo.

Kabla ya 1934, mkopo wa nyumba ulikuwa wa muda mfupi, mara nyingi miaka mitatu hadi mitano. Benki ilikopesha kiasi cha nusu ya bei. Nusu iliyobaki mnunuzi aitafute mwenyewe, au akope tena kwa mtu wa pili kwa riba kubwa zaidi. Katika muda wote wa mkataba alilipa riba peke yake, na deni lenyewe likabaki palepale hadi siku ya mwisho, ambapo lilidaiwa lote kwa mkupuo. Watu wachache walikuwa na fedha hizo. Desturi ilikuwa kwenda benki na kuandikiana mkataba mpya wa miaka mingine mitano.

Mpango huo ulifanya kazi mradi benki ikubali kuongeza muda. Mdororo ulipoanza mwaka 1929, benki zenyewe zilikuwa zinatafuta fedha za kuwalipa wenye akiba, zikakataa mikataba mipya. Mtu ambaye hakuwahi kuchelewesha riba hata mara moja alijikuta anadaiwa maelfu ya dola kwa siku moja. Kufikia mwaka 1933 nyumba zipatazo 1,000 zilikuwa zinachukuliwa na wadai kila siku.

Jibu la serikali ya Franklin D. Roosevelt lilikuwa sheria ya nyumba ya mwaka 1934, iliyounda shirika linalojulikana kwa herufi zake, FHA. Shirika hili halikumkopesha mtu hata senti. Kazi yake ilikuwa kuuza bima kwa mkopeshaji: mnunuzi akishindwa kulipa, FHA inaifidia benki. Bima hiyo ililipiwa na mkopaji mwenyewe, nusu asilimia ya deni kwa mwaka. Ili mkopo ukubaliwe, ilibidi benki ifuate masharti ya FHA: ikopeshe hadi asilimia 80 ya thamani, kwa muda wa hadi miaka 20, na marejesho yawe sawa kila mwezi, ndani yake mkiwa na riba pamoja na sehemu ya deni. Siku ya mwisho deni linakuwa sifuri. Leo jambo hilo linaonekana la kawaida, lakini kwa mnunuzi wa Marekani wa wakati ule lilikuwa mageuzi makubwa kuliko sheria nyingine nyingi zilizopigiwa kelele zaidi.

Tarehe 22 Juni 1944, wiki mbili baada ya majeshi kutua Normandy, Roosevelt alitia saini sheria ya askari waliorudi vitani, maarufu kama GI Bill. Hofu ya wabunge ilikuwa wazi: Wamarekani milioni 16 walipitia jeshini katika vita hivyo, na kama wangerudi wote pamoja kwenye soko la ajira, mdororo ungeweza kurudi nao. Sheria ikawapa dola 20 kwa wiki kwa asiye na kazi, hadi wiki 52. Ikawalipia ada ya chuo hadi dola 500 kwa mwaka, pamoja na posho ya kujikimu. Askari milioni 2.2 walisoma vyuo vikuu kwa njia hiyo, na mamilioni wengine wakajifunza ufundi. Sehemu ya tatu ilikuwa dhamana ya mkopo wa nyumba, shamba au biashara, iliyosimamiwa na mamlaka ya askari wa zamani, VA.

Mwanzoni VA ilidhamini nusu ya mkopo, isizidi dola 2,000. Kiasi hicho kilikuwa kidogo mno kwa bei za miji, na benki nyingi hazikujisumbua nacho. Mwishoni mwa 1945 bunge likapandisha ukomo hadi dola 4,000 na muda hadi miaka 25. Mwaka 1950 dhamana ikawa asilimia 60, hadi dola 7,500, na muda miaka 30. Riba ilifungwa isizidi asilimia 4. Hakukuwa na ada ya bima kama ile ya FHA, na sheria haikudai malipo ya awali.

Utaratibu ulikuwa hivi. Askari alichukua hati ya kuachishwa jeshi, ambayo haikutakiwa kuwa ya kufukuzwa kwa aibu, akapeleka maombi VA na kupewa cheti cha kuonyesha kwamba anastahili. Akatafuta nyumba. Mthamini aliyeidhinishwa na VA akaikagua na kuandika thamani yake, na bei isizidi thamani hiyo. Kisha askari akaenda benki, chama cha akiba na mikopo, au kampuni ya bima ya maisha. Mkopeshaji akikubali, VA inaweka dhamana. Mkopeshaji akikataa, habari imeishia hapo. Hatua hii ya mwisho iwekwe akilini, maana ndipo haki iliyoandikwa kwenye sheria ilipokwama kwa maelfu ya watu. VA ilikuja kuanza kukopesha moja kwa moja mwaka 1950, tena katika maeneo ambayo wakopeshaji binafsi hawakupatikana.

Chukua mkopo wa dola 7,000 kwa riba ya asilimia 4, miaka 25. Rejesho ni dola 36.95 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza, dola 23.33 zinakwenda kwenye riba na dola 13.62 zinapunguza deni. Baada ya miaka mitano mnunuzi amelipa dola 2,217, ambazo karibu 900 kati yake zimekuwa mali yake ndani ya nyumba. Akimaliza miaka 25 atakuwa ametoa dola 11,085 kwa jumla. Juu ya rejesho kulikuwa na kodi ya jengo na bima ya moto.

Faida kubwa zaidi haionekani kwenye hesabu hiyo. Rejesho lilifungwa kwa miaka yote 25, ilhali mshahara haukufungwa. Mwaka 1950 mfanyakazi wa kiwandani alilipwa kwa wastani kama dola 1.44 kwa saa, hivyo rejesho la mwezi lilimgharimu kazi ya saa 26 hivi. Mwaka 1960, kwa wastani wa dola 2.26, rejesho lilelile lilikuwa kazi ya saa 16. Hizo saa kumi zilizookolewa kila mwezi ndizo zilizolipia gari la mkopo na televisheni. Hapa ndipo utajiri wa familia za kawaida ulipozaliwa: deni lenye riba ndogo isiyobadilika, katika uchumi ambao bei na mishahara vinapanda.

Mishahara haikupanda yenyewe. Mwaka 1946 wafanyakazi wapatao milioni 4.6 waligoma, na mwaka uliofuata bunge lililotawaliwa na Republican lilipitisha sheria ya Taft-Hartley, licha ya kura ya turufu ya Rais Truman, kuvibana vyama vya wafanyakazi. Mwaka 1948 General Motors na chama cha wafanyakazi wa magari, UAW, kilichoongozwa na Walter Reuther, walikubaliana kanuni mpya: bei zikipanda, mshahara unapanda wenyewe, senti moja kwa saa kwa kila nukta 1.14 za kipimo cha gharama za maisha cha serikali. Mkataba wa Mei 1950 uliongeza kanuni hiyo kwa miaka mitano, ukaweka nyongeza ya senti 4 kila mwaka kwa ajili ya tija, pensheni ya dola 125 kwa mwezi ikijumlishwa na ile ya serikali, na nusu ya gharama ya bima ya afya. Kwa kubadilishana, kampuni ilipata miaka mitano bila mgomo. Kampuni nyingine kubwa ziliiga. Kwa afisa mikopo wa benki, mkataba wa namna hiyo ulikuwa ushahidi bora kuliko barua yoyote ya mwajiri: mkopaji huyu atakuwa na kipato mwaka kesho na mwaka wa tatu.

Dhamana ilimsaidia mjenzi kabla hata ya kumsaidia mnunuzi, na jambo hili husahaulika sana. FHA ilitoa ahadi mapema: mjenzi akileta ramani na kiwanja, shirika linakubali kimaandishi kuibebea bima mikopo ya wanunuzi wa nyumba ambazo bado hazijajengwa. Kwa karatasi hiyo mjenzi alikwenda benki na kukopa fedha za saruji na mbao. Aliyejenga nyumba tano kwa mwaka aliweza sasa kujenga elfu.

Kampuni ya Levitt ilitumia nafasi hiyo kuliko wengine. Mwaka 1947 ilianza kujenga kwenye mashamba ya viazi huko Long Island, kilomita 40 hivi mashariki ya Manhattan. Ilipomaliza mwaka 1951 kulikuwa na nyumba zaidi ya 17,000 na mji ukaitwa Levittown. Kazi ya kujenga nyumba ilikatwa hatua 27. Nyumba ilikaa mahali pake na mafundi ndio waliohama, kikosi baada ya kikosi: wa msingi, wa fremu, wa paa, wa rangi. Vifaa vilishushwa na malori mbele ya kila kiwanja kwa mpangilio uleule. Kampuni ilikata mbao zake yenyewe California na kutengeneza misumari yake. Katika siku nzuri za mwaka 1948 nyumba zaidi ya 30 zilikamilika kwa siku moja.

Nyumba yenyewe ilikuwa ndogo: futi za mraba 750, vyumba viwili vya kulala, sebule, jiko na bafu, na dari ya juu iliyoachwa bila kumaliziwa ili familia iongeze vyumba baadaye. Kiwanja kilikuwa futi 60 kwa 100. Ndani mlikuwa na jiko, jokofu na mashine ya kufulia, vyote vikiwa ndani ya bei. Mwaka 1949 aina mpya iliuzwa dola 7,990, wakati kipato cha kati cha familia ya Marekani kilikuwa dola 3,000 na kitu kwa mwaka.

Unafuu mkubwa ulitokana na kuacha chumba cha chini ya ardhi. Kanuni za ujenzi za mji wa Hempstead zilikilazimisha. Askari wa zamani waliokuwa wamebanana kwa wakwe walijaza mikutano hadi kanuni ikabadilishwa mwaka 1947. Nyumba ikakaa juu ya bamba la zege, na ndani ya zege hilo yakapitishwa mabomba ya shaba yenye maji ya moto ya kupasha nyumba joto. Ujenzi ulikwenda haraka, lakini udhaifu wake ulijitokeza miaka mingi baadaye. Bomba likitoboka ndani ya zege, kulifikia ni kuvunja sakafu, na wenye nyumba wengi waliishia kuyaacha mabomba hayo na kufunga vipasha joto kandokando ya kuta. Ieleweke pia kwamba Levitt alijenga kwa mafundi wasio wa vyama, waliolipwa kwa kipimo cha kazi, huku wateja wake wengi wakitegemea mishahara iliyopiganiwa na vyama.

Fedha za mikopo yote hiyo zilitoka kwenye akiba ya vita. Wakati wa vita bidhaa zilikuwa za mgawo, kazi zilikuwa tele, na wananchi pamoja na taasisi walinunua hatifungani za serikali za dola bilioni 185. Baada ya vita Benki Kuu iliendelea kuzinunua hatifungani za muda mrefu kwa bei iliyofanya riba yake isizidi asilimia 2.5. Kampuni za bima ya maisha zilikuwa na kabati zilizojaa karatasi hizo. Zikaziuza kwa Benki Kuu bila hasara na kununua mikopo ya nyumba ya asilimia 4 yenye dhamana ya serikali ileile. Hatari karibu sawa, faida kubwa zaidi. Mwaka 1944 zilianza kujengwa nyumba za familia moja 114,000 nchi nzima. Mwaka 1950 zilikuwa karibu milioni 1.7.

Mwezi Machi 1951 Benki Kuu na Hazina zilikubaliana kuacha kushikilia bei hiyo. Riba za soko zikapanda na ukomo wa asilimia 4 wa VA ukageuka kizuizi. Wakopeshaji walihamia kwingine, au walidai makato kutoka kwa muuzaji kabla ya kupokea mkopo wa askari, na muuzaji akayarudisha kwenye bei. Mwaka 1953 ukomo ulipandishwa hadi asilimia 4.5, na haukuwa mwisho. Kila mara soko lilipoupita ukomo, ujenzi ulipungua. Ukomo ulipopandishwa, ukafufuka. Mtu anayesema riba ya chini iliyowekwa na sheria humsaidia mnyonge daima atazame miaka hiyo.

Kodi na barabara zilikazia mwelekeo uleule. Riba ya mkopo wa nyumba ilikatwa kwenye kipato kinachotozwa kodi, wakati mpangaji hakukatiwa chochote. Sheria ya barabara kuu ya Juni 1956 ilipanga maili 41,000, asilimia 90 ya gharama ikitoka serikali kuu, kwa kuongeza kodi ya petroli kutoka senti 2 hadi 3 kwa galoni.

Kisiasa, uzuri wa dhamana ulikuwa kwamba haikuonekana kwenye bajeti. Nyumba za serikali kwa maskini zilihitaji fedha taslimu kila mwaka, na wapinzani wake waliziita ujamaa. Sheria ya nyumba ya 1949 iliahidi nyumba 810,000 za namna hiyo katika miaka sita, na lengo hilo halikufikiwa kwa muda huo hata kidogo. Dhamana, kwa upande wake, ilikuwa ahadi ya kulipa endapo kutatokea hasara, na kwa kuwa nyumba zilipanda thamani, hasara zilikuwa chache. Mwenye nyumba wa Levittown aliweza kuamini kwa moyo safi kwamba amejijengea mwenyewe. Imani hiyo imeathiri siasa za Marekani hadi leo, na nadhani haiwezi kueleweka bila kujua jinsi mkopo wake ulivyotengenezwa.

Upande wa pili wa dhamana ni huu: anayebeba hasara ndiye anayechagua nani anakopeshwa. FHA ilikuwa na mwongozo wa wathamini wake. Toleo la mwaka 1938 lilimtaka mthamini apunguze alama za eneo lenye mchanganyiko wa watu wa rangi tofauti, na likapendekeza hati za viwanja ziwe na masharti ya kuzuia watu weusi kuishi humo. Haya yalikuwa maagizo ya serikali kwenye karatasi ya serikali.

Mara nyingi lawama zote hutupwa kwa ramani za shirika jingine la serikali la mikopo ya nyumba, HOLC, zilizopaka rangi nyekundu mitaa ya watu weusi katika miji zaidi ya 200. Ramani hizo ni ushahidi mkubwa wa fikra za wakati ule, lakini HOLC ilikuwa imeshatoa sehemu kubwa ya mikopo yake kabla ramani hazijakamilika. Uzito ulikuwa kwa FHA, iliyokuwa na ramani na kanuni zake yenyewe na ikaendelea kuzitumia kwa miaka mingi.

Detroit kuna ushahidi unaoweza kuguswa kwa mkono. Mwaka 1941 mjenzi alitaka kujengea wazungu karibu na mtaa wa watu weusi, katika eneo la Eight Mile. FHA ikakataa kuibebea bima mikopo kwa sababu ya ujirani huo. Mjenzi akajenga ukuta wa zege wenye urefu wa nusu maili, kimo cha futi sita na unene wa futi moja, kati ya mitaa miwili. FHA ikakubali. Ukuta huo bado umesimama.

Huko Levittown mkataba wa kwanza wa upangaji ulikataza nyumba kutumiwa na mtu asiye mzungu. Mwaka 1948 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Shelley dhidi ya Kraemer, iliamua kwamba mahakama haziwezi kutekeleza masharti ya aina hiyo kwenye hati. FHA ilingoja hadi Februari 1950 ndipo ikaacha kukubali hati mpya zenye masharti hayo, na wajenzi waliendelea kukataa wateja weusi bila kuandika neno. Mwaka 1957 familia ya William na Daisy Myers iliponunua nyumba katika Levittown ya Pennsylvania kutoka kwa mwenye nyumba wa awali, makundi ya watu yalikusanyika usiku baada ya usiku wakirusha mawe, hadi gavana akatuma polisi wa jimbo.

Kwa askari weusi, sheria ya 1944 haikutaja rangi hata mara moja. Haikuhitaji. Cheti cha VA walikipata. Kilichokosekana ni benki ya kukipokea. Katika mikopo 3,229 ya nyumba, biashara na shamba iliyodhaminiwa katika miji 13 ya Mississippi mwaka 1947, miwili tu ilikwenda kwa askari weusi.

Waliokataliwa walinunua kwa njia mbaya. Chicago ilikuwa na soko kubwa la mikataba ya mafungu. Dalali alinunua nyumba kwa mzungu aliyekuwa anahama kwa hofu, akaiuza kwa familia nyeusi kwa bei mara mbili au zaidi. Mnunuzi alitoa malipo ya awali na rejesho la kila mwezi, akabeba matengenezo na kodi, lakini hati ilibaki kwa dalali mpaka fungu la mwisho. Akikosa mwezi mmoja, dalali anamtoa nje, anabaki na fedha zote na kuiuza nyumba kwa familia nyingine. Linganisha na mtu wa Levittown, ambaye tangu mwezi wa kwanza dola 13.62 zilikuwa zake.

Wanawake nao walikutana na mlango wao: wakopeshaji walihesabu nusu ya mshahara wa mke au hawakuuhesabu kabisa, kwa hoja kwamba atazaa na kuacha kazi. Sheria ya kukataza hilo ilikuja mwaka 1974.

Sheria ya kukataza ubaguzi wa rangi katika kuuza, kupangisha na kukopeshea nyumba ilitiwa saini Aprili 1968, siku chache baada ya kuuawa kwa Martin Luther King. Wakati huo umiliki wa nyumba ulikuwa umeshapanda kutoka asilimia 44 ya kaya mwaka 1940 hadi zaidi ya 60, na riba ya mkopo wa nyumba ilikuwa inakaribia asilimia 7. Kwa riba hiyo, mkopo uleule wa dola 7,000 kwa miaka 25 ulidai dola 49.47 kwa mwezi badala ya 36.95, na nyumba ya dola 7,000 ilikuwa haipatikani tena.